Fundi Hajibu Akiwa Nyumbani

Tarehe 4 Februari

Mwanangu, kifunguamimba wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na ukiona mistari inapanda mlima ujue ni meza ya karakana yetu ya vioo, ina mguu mmoja mfupi, si mimi. Huku sote wazima. Baba yako mzima, anakula, anakohoa asubuhi tu kama kawaida yake. Mdogo wako mzima, bado anaendesha gari la kupeleka magodoro, na sauti yake imezidi kuwa nene, akiamka akiomba maji unadhani kuna mtu anasukuma kabati. Wifi yako mzima, anakusalimu sana, anasema ile blauzi uliyomletea imemkaa vizuri. Mimi naona imembana lakini nimenyamaza. Kibibi wao mzima, amepoteza meno mawili ya mbele, anasema wewe shangazi yake ukija atakuonyesha pengo bure bila kuombwa. Shangazi yako naye mzima, mguu unamsumbua ila mdomo haumsumbui. Paka mzima. Hata wale majirani wa ghorofa ya juu, ambao uliwaacha wamenuniana, sasa wamepatana na wanapiga redio moja.

Baada ya salamu, barua yako imefika. Mwanangu, nilipofika pale uliposema umepata mwenzako na harusi ni Julai tarehe kumi na nane, niliketi juu ya boksi la misumari. Niliinuka upesi, lakini sikujali. Miaka thelathini na minne nimekunyamazia, sikukuuliza hata siku moja, shangazi yako ndiye alikuwa akiuliza kwa niaba ya dunia nzima. Sasa nimempelekea barua aisome kwa macho yake. Ameisoma mara mbili, akaomba chai.

Hiyo kazi ya mwenzako ya kutengeneza mafriji ni kazi nzuri, ni ya mikono. Na umesema kwao wako saba na wote wanaongea kwa wakati mmoja. Hiyo ni nyumba yenye uhai, usiogope.

Baba yako nilimsomea habari yako jioni ile ile, nikiwa jikoni nimempa mgongo, nakaanga vitunguu, naye yuko mezani. Nilipomaliza akasema, "Sawa." Halafu akauliza kama birika limechemka. Nikaendelea kugeuza vitunguu. Kesho yake nikamwekea barua yenyewe mbele yake. Akaisoma, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, akatoka uani akasimama huko muda mrefu. Alifurahi, nakwambia alifurahi, niliona mabega yake. Nilipomuuliza tutasafiri siku gani akasema Julai kazi zinakuwa nyingi. Usilitie moyoni hilo, Julai bado iko mbali.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu inakaa kwenye meza ya baba yako, na mengine sitaki ayasikie. Kwa hiyo jikaze usome mwandiko wangu. Darasa la nne si mchezo.

Mama yako

*

Tarehe 23 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo kwa Baba, salamu kwa mdogo wangu na wifi, mbusu Kibibi kwenye pengo. Mimi mzima, jikoni hospitalini kazi ni zile zile, sufuria ambazo naweza kuogea ndani, na wagonjwa wanaolalamika chumvi ambayo daktari ndiye aliyeikataza.

Mwandiko wako nimeusoma wote, hata ule uliokwenda pembeni. Mama, mimi na wewe hatujawahi kufichana, basi nitakuuliza. Baba amenikasirikia?

Kila Jumapili nikipiga simu anapokea yeye, anasema, "Hujambo mwanangu, sawa sawa, haya ongea na mama yako," na kunikabidhi kwako kabla sijafungua kinywa. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka unatukatiza wewe. Jumapili iliyopita nilimwambia mwenzangu angependa kumsalimu, akajibu kwamba huko pia kumenyesha. Niliona aibu mbele ya mwenzangu, nikasema laini ni mbovu.

Ni kwa sababu niliacha karakana? Najua alitaka mkono wangu kwenye vioo, alisema mimi nina mkono usiotetemeka. Niliondoka nikakurudishia wewe kushika upande wa pili wa kioo. Kama ndilo hilo, aniambie, nitalibeba.

Kuhusu tarehe, tumeiacha kidogo kwanza. Ukumbi una mambo yake. Usijali.

Binti yako

*

Tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa huyo mwenzako, ambaye sijui nimwite nani, basi namwita Mkwe. Sote wazima. Baba yako mzima, mdogo wako mzima, wifi yako ana mafua lakini anakula. Kibibi jino moja limeanza kuchungulia. Shangazi yako mguu umepoa, kwa hiyo sasa anakuja kila siku.

Barua yako ilikaa posta siku kumi na moja, na nimeisoma siku mbili. Hayo maneno, "tumeiacha kidogo kwanza," nimeyaona. Ukumbi hauna mambo yoyote, mwanangu. Umeahirisha kwa ajili ya baba yako, nami nilikuficha, kwa hiyo kosa ni langu. Nitakwambia sasa. Amesema haji.

Si kazi nyingi. Nilimshika pale pale mezani nikamwambia nataka jibu la mtu mzima, akaniangalia usoni akasema, "Nenda wewe na kijana. Mimi niacheni." Nikauliza sababu, akainuka akaenda kunoa kile kisu chake cha kukatia vioo ambacho alikinoa asubuhi.

Wala si habari ya karakana. Barua yako bado anatembea nayo mfukoni, naiona kona yake. Lakini kuna jambo jingine, nami nimelimeza mwaka wa tatu huu. Baba yako akiwa nyumbani hanijibu. Naongea naye kama naongea na mlango. Nikimwita kutoka jikoni, kimya. Nikimwambia jambo taa ikiwa imezimika, kimya. Au anacheka kidogo na kusema "ndiyo, ndiyo" kwa jambo ambalo halina ndiyo. Juzi nilimwambia bomba la bafuni limepasuka, akasema ndiyo ndiyo, akavaa kofia akatoka.

Na si kwamba hasikii. Hapo ndipo panaponichoma. Lori likipita barabara kubwa anakwambia ni la aina gani na limebeba nini. Mdogo wako akisema kwa sauti ya chini anasikia. Rafiki yake fundi mabomba akiongea, na unamjua yule anaongea kama pipa la maji limegongwa, wanacheka mpaka chai inapoa. Ni mimi tu, na wifi yako, na Kibibi. Kibibi anajua kumvuta shati kwanza ndipo aseme. Mtoto wa miaka sita ameshajua babu yake hamtaki mpaka avutwe shati.

Shangazi yako, ingawa ni dada yake wa tumbo moja, kanikalisha akaniambia wanaume wa umri ule wakinyamaza ndani ujue wanaongea nje. Nikamfukuza. Halafu alipoondoka nikanusa mashati yote ya baba yako. Yananuka gundi ya kioo. Miaka thelathini na saba yananuka gundi ya kioo.

Ajabu ni kazini. Kazini ni yule yule niliyeolewa naye. Tunabeba kioo, yeye nje ya dirisha mimi ndani, namtania yeye ananitania, anacheka mpaka namwambia atulie tutakiangusha. Nimefikia kusema labda mimi ninafaa kwa kazi tu, nikivua aproni sifai.

Sasa sikiliza. Rudisha tarehe yako. Mimi nitakuja, hata kama ni peke yangu na kikapu. Usivunje jambo lako kwa ajili ya mzee mmoja aliyenuna.

Mama yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na wote uwape salamu zao kwa mpangilio ule ule wako, Shangazi umpe mwishoni.

Nilisoma barua yako nikiwa zamu, nikakaa juu ya gunia la mchele nikalia, halafu nikaacha kulia ghafla. Kuna mama mmoja hapa hospitalini, kazi yake ni kupima masikio. Huja kwenye dirisha langu kila saa nne kuchukua chai, sukari vijiko vitatu. Nilikuwa na macho mekundu akaniuliza kulikoni. Nikamsomea pale uliposema Baba anasikia lori hakusikii wewe. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Baba yako hajakukasirikia. Baba yako anazeeka masikio."

Mama, nikueleze kama alivyonieleza, polepole. Masikio ya mzee hayafungwi yote kwa pamoja kama duka. Sauti nene zinabaki, sauti nyembamba zinaondoka kwanza. Lori ni sauti nene. Mdogo wangu na fundi mabomba ni sauti nene. Wewe, wifi na Kibibi ni sauti nyembamba. Na hata katika neno moja, kuna vipande vinene na vipande vyembamba. A, O na U anazisikia. S, F, K, T na SH zinapotea, ni kama pumzi tu kwake, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kwa hiyo anakusikia unaongea, Mama. Sauti yako anaipata. Maneno ndiyo hayapati, yanamfikia kama barua iliyomwagikiwa maji. Kisha anajaza mapengo kwa kukisia, na akichoka kukisia anasema ndiyo, ndiyo.

Kelele zinazidisha. Vitunguu vikiwa jikoni vinalia, bomba likiwa wazi, redio ya majirani, hapo hana lake. Na kupaza sauti hakusaidii, ukipiga kelele unaongeza zile nene anazozisikia tayari. Simu ndiyo mbaya kuliko zote, maana haoni uso.

Hilo la uso ndilo lililomfanya yule mama acheke kwa furaha. Aliniuliza mnavyofanya kazi. Nikamwambia mmoja ndani mmoja nje, kioo katikati. Akaniuliza kama mnasikiana. Nikamwambia hapana, kioo kile kinene, husikii kitu, tangu nikiwa mdogo nawaona mnasema kwa midomo bila sauti. Akasema basi, hao wamejifunza kusomana midomo miaka thelathini na saba, ndiyo maana ugonjwa umejificha. Kazini hahitaji masikio. Nyumbani unampa mgongo.

Jaribu hivi. Simama nyuma yake, bomba likiwa wazi, useme jambo lolote kwa sauti yako ya kawaida. Halafu siku nyingine sema naye mkiwa na kioo katikati. Uone.

Na Mama, ni kweli. Ukumbi hauna mambo. Nilimwambia mwenzangu sitasimama mbele za watu kama Baba hayupo. Akasema atangoja mpaka mafriji yote ya dunia yaharibike.

Binti yako

*

Tarehe 19 Aprili

Mwanangu mwenye akili,

Salamu leo nafupisha. Wote wazima, shangazi yako pia.

Nilifungua bomba. Baba yako alikuwa ameketi anapaka viatu rangi. Nikasimama nyuma yake nikasema kwa sauti yangu hii hii kwamba nimeuza ngazi yake kubwa. Kimya. Nikasema nimeiuza kwa fundi yule wa mtaa wa pili ambaye baba yako hataki hata kumwona. Anapaka viatu tu, anapiga mluzi. Nikasema mimi ni mke mbaya, nimenusa mashati yake. Wifi yako alikuwa mlangoni, ikabidi akimbilie uani acheke huko. Mimi sikucheka. Niliketi nikafikiri ile miaka mitatu, mimi nimemnunia mtu ambaye hata hajui amenuniwa kwa lipi, naye anakisia tu kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Jumatano tulikuwa na kazi ya duka la miwani, kioo cha mbele, kirefu kuliko mimi na wewe tukisimama mmoja juu ya mabega ya mwenzake. Mdogo wako alitusaidia kukishusha akaenda na magodoro yake. Tukakiingiza kwenye fremu, baba yako upande wa barabarani, mimi ndani. Sasa unakumbuka gundi ile ikishawekwa, kioo lazima kishikwe pande zote mbili mpaka ikamate, ukiachia unaanza upya na fundi anavunjiwa heshima. Ni robo saa ya kusimama mmekabiliana, viganja vimekutana, kimoja huku kimoja kule. Nikajiambia leo huendi kunoa kisu.

Nikasema kwa midomo tu, bila sauti hata kidogo. "Fundi, kwa nini huendi kwa mwanao?"

Akaangalia pembeni. Nikangoja. Lazima arudishe macho, maana lazima aangalie kioo. Alipoyarudisha nikarudia, taratibu. Naye akajibu kwa midomo vile vile, mwanangu, huko nje pikipiki zinapita na mimi ndani sisikii kitu, lakini nimemsoma kila neno kama nimesoma kibao cha dukani.

Alisema, "Sisikii maneno tena. Nasikia watu wanatwanga tu."

Akasema ukumbi mzima, watu mia, muziki, ndugu saba wanaoongea pamoja. Watamsimamisha baba wa bibi harusi, watamuuliza jambo, yeye atasema ndiyo ndiyo mahali pa kusema hapana, na watu watacheka, na wewe utakuwa umekaa pale mbele na nguo yako nyeupe unatazama chini. Akasema, "Afadhali mwanangu aseme baba yake ana roho mbaya kuliko aseme baba yake ni mjinga."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema aliogopa nitampunguzia kazi, nimtoe kwenye ngazi. Halafu akasema alijua nimekasirika nyumbani, ila hakujua kwa lipi, na aliona haya kuuliza maana nilikuwa nimeshalisema mara nyingi.

Basi tukalia pale wote wawili na hatuwezi kujifuta, mikono imeshika kioo. Mwenye duka akaja akanisimamia nyuma, akauliza kama kuna tatizo na kazi. Nikamwambia kazi nzuri sana, ila gundi ya siku hizi inawasha macho.

Ilipokamata nikatoka nje. Nikasimama mbele yake kwenye mwanga nikamweleza yote uliyoandika, mambo ya sauti nene na nyembamba. Akanisikiliza kwa macho. Mwisho akauliza jambo moja tu, kama ile ngazi nimeiuza kweli, maana wifi yako ameshamwambia.

Amekubali kupimwa. Kwenda kwako bado anasema tuone. Usirudishe tarehe bado, ila usiitupe.

Mama yako

*

Tarehe 5 Mei

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimemsomea mama wa masikio dirishani na foleni ya chai ikasimama, mpaka manesi wakaanza kuuliza gundi ilikamata au haikukamata.

Anasema Baba apimwe haraka, na kama watampa vile vifaa vidogo vya kuvaa masikioni, avivae vyote viwili, kila siku, si siku ya wageni tu. Mwanzoni atachukia. Atasikia kila takataka. Kichwa kimesahau sauti hizo, kinahitaji wiki nyingi kuzizoea tena na kujua ipi ya kufuata ipi ya kuacha. Na haviwi masikio ya ujana, asidanganywe. Kwenye watu wengi bado itamwia vigumu.

Mwambie hivi, kwenye mwanga, usoni: sijawahi kumwona mjinga hata siku moja. Mwambie pia mwenzangu amewakusanya ndugu zake wote saba akawafundisha kuongea mmoja mmoja. Wameweza kwa dakika nne. Wanaendelea na mazoezi.

Binti yako

*

Tarehe 14 Juni

Mwanangu, furaha yangu,

Pokea salamu kutoka kwa wote, na leo nina zamu mpya ya kusalimu. Baba yako mzima, na masikio yake mawili mapya nayo mazima, ya rangi ya kijivu, madogo kama mbegu ya boga. Mdogo wako mzima, ndiye aliyetupeleka mjini na gari la magodoro, tulilala njia nzima. Wifi yako mzima. Kibibi mzima, jino limetoka. Shangazi yako mzima, na nitafika kwake.

Nilichelewa kuandika kwa sababu wiki tatu za mwanzo nyumba ilikuwa kama ina mtoto mchanga. Siku ya kwanza tumetoka hospitalini baba yako akasimama barabarani akauliza ni nini kile kinachokwaruza. Ilikuwa kandambili zake. Nyumbani akafungua gazeti akalitupa, akasema linawaka moto. Maji ya bomba, vijiko, mfuko wa mkate, kila kitu kinampigia kelele. Siku ya nne akavivua akaviweka kwenye glasi akasema dunia imekuwa na fujo wakati yeye hayupo. Nikamkumbusha maneno ya yule mama yako wa chai. Akavivaa. Akavivua. Akavivaa.

Mimi nami nilikuwa na shida yangu. Mwanangu, miaka mitatu nimezoea kusema ninachotaka nyuma ya mgongo wa mume wangu. Ilikuwa imeshakuwa burudani yangu. Siku ya sita naosha vyombo, yeye mezani nyuma yangu, nikasema kama kawaida, taratibu, kwamba mzee huyu ni mkaidi kama mlango uliovimba. Nyuma yangu nikasikia, "Umevimba kwa sababu ya mvuke wako."

Sahani ilinitoka mkononi. Nikageuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani. Hakuwa ameniona mdomo, mwanangu, nilimpa mgongo na maji yalikuwa yanatiririka. Akaniomba nimtukane tena. Nikamtukana mpaka jioni.

Shangazi yako alikuja kesho yake, akakaa sebuleni na mimi, baba yako uani na paka. Akaanza yale yake, kwamba mwanaume akianza kujipamba masikio uzeeni kuna mtu anampambia. Baba yako akajibu kutoka uani kwamba ni kweli, na huyo mtu ameketi hapo anakumiminia chai. Shangazi hajaja wiki ya pili sasa. Mguu umeanza tena, nasikia.

Lakini Kibibi ndiye aliyenimaliza. Alikwenda akamvuta babu yake shati kama kawaida. Baba yako akamwambia asivute, aseme tu. Mtoto akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama, akasema kwa kile kisauti chake cha uzi, "Babu." Akasema, "Naam." Akarudi hatua nyingine mbili, "Babu." "Naam." Wakaenda hivyo mpaka mtoto yuko ng'ambo ya ua karibu na pipa la maji, anaita, na babu yake anaitika, na hakuna aliyekuwa na jambo la kusema.

Si kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Jumapili mdogo wako alileta rafiki zake watano, wakaanza kuzungumza wote, na baba yako akaanza tena ndiyo ndiyo zake. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akainua mkono akawaambia yeye ni mzee, masikio yake ni ya kuazima, aseme mmoja mmoja na amtazame. Alilisema mwenyewe, mbele za watu. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alisema hata baba yake yuko hivyo na wao walidhani ana kiburi, akaondoka na anwani ya hospitali. Baba yako jioni ile alikuwa mchovu kama aliyepandisha vioo ghorofa ya sita, maana kusikia kwake sasa ni kazi. Lakini kabla ya kulala aliniuliza, mwenyewe bila kusukumwa, basi la kuja kwenu linaondoka saa ngapi.

Anakuja, mwanangu. Tunakuja. Weka ile tarehe yako kumi na nane kama haijachukuliwa na watu wengine, na kama imechukuliwa weka yoyote, sisi tuko tayari, nguo zangu ziko kwenye begi tangu Aprili.

Ila baba yako amenituma jambo, na amenisimamia hapa niliandike kama lilivyo. Anasema watamsimamisha, na atasema maneno yake mawili, ameshayatunga na ananisomea kila asubuhi, ni zaidi ya mawili. Kama kuna wa kumuuliza chochote aje asimame mbele yake, kwenye mwanga. Muziki upigwe, yeye atavumilia. Hayo yote si kitu kwake. Jambo lake ni moja. Anasema kwenye harusi alizowahi kuona maharusi huketishwa mbele, wazazi huwekwa pembeni kwa heshima, na kutoka pembeni huoni ila shavu na maua. Hataki heshima hiyo. Anasema yapo mengi ambayo atakubali kuyakisia siku ile, lakini siku hiyo utaulizwa kama unamkubali huyo mwenzako, nawe utajibu, na jibu hilo hataki kukisia. Anataka kiti ambacho ataona uso wako wote ukilisema.

Kwa hiyo uliza ukumbi, mwanangu, kiti hicho kipo au hakipo, na uandike upesi, jibu siku hiyo hiyo utakayopata barua hii. Au usiandike. Piga simu. Jumapili saa nne, mahali pasipo na sufuria, useme taratibu. Amesema atapokea yeye, na hatanipa.

Mama yako